Bustani ya mboga na wajukuu wa likizo: nipande nini, na lini?

Jaja_Bugembe aliuliza:

Habari zenu wakulima. Niko Bugembe, hapa karibu na Jinja, Uganda. Wajukuu wanne huletwa kwangu kila shule zikifungwa: mdogo ana miaka 4, wawili wana 7 na 9, mkubwa ana 12. Nyuma ya jiko kuna kipande cha mita 6 kwa 8. Udongo ni mwekundu, mzito, na upande wa chini umejaa lumbugu, ile nyasi sugu inayotambaa kwa mizizi. Jua linafika vizuri ila pembeni mwa mwembe. Maji ninayo ya bomba na ya tangi la mvua, mbolea ya mbuzi ipo, na kuku wanazurura uani.

Likizo ya Mei ni wiki 3, ya Agosti hadi Septemba vilevile wiki 3. Watoto wakipanda, wanaondoka kabla hawajaonja kitu. Wakirudi wanakuta mimi nimeshavuna au magugu yamefunika kila kitu. Nataka wale walichopanda kwa mikono yao.

Naomba kujua: mazao gani na tarehe gani? Kila mtoto apewe tuta lake au walime pamoja? Na wadudu niwazuie vipi, maana dawa za dukani sizitaki pale watoto wanaposhika majani. Wanadai nyanya sana. Tafadhali nipeni vipimo. "Weka mbolea ya kutosha" nimeshaambiwa.

---

Bwanashamba_Iganga alijibu:

Shikamoo jaja. Weka kalenda ya shule mezani kabla hujagusa mbegu. Muhula wa kwanza huisha mwanzoni mwa Mei, wa pili kuelekea mwisho wa Agosti, wa tatu mwanzoni mwa Desemba, na wanarudi darasani mwanzoni mwa Februari. Mvua zetu huku ni Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Kwa hiyo likizo mbili fupi zinaangukia kwenye unyevu, na ile ndefu ya wiki 8 inaangukia kwenye kiangazi. Ziwa hukupa mvua za hapa na pale hata Januari, lakini usizipigie hesabu.

Sasa tarehe. Nitaanza na Mei.

Katikati ya Machi, wewe mwenyewe panda maharage mafupi (yasiyotambaa) kwenye tuta moja. Mistari iachane sentimita 50, mbegu hadi mbegu sentimita 10. Siku 60 baadaye, yaani katikati ya Mei, maganda mabichi yako tayari na watoto wapo. Karibu na tarehe 10 Aprili mwaga mbegu za sukuma wiki kwenye kitalu kidogo. Miche itakuwa na wiki 4 wakati wajukuu wanashuka garini. Hawa ndio watakaoihamisha. Usiihamishe wewe hata ikikutamanisha.

Siku ya kwanza au ya pili ya likizo wamwage dodo (mchicha). Hapa ndipo watu wanapokosea: wanaanza kulima tuta watoto wakiwa wamefika, siku 5 zinapotea na dodo haiwahi. Tuta liwe limelimwa, limewekwa mbolea na kusawazishwa wiki moja kabla. Dodo huota siku ya 3 hadi ya 5. Siku ya 21 ina urefu wa shubiri moja hivi, na unaipunguza kwa kung'oa ile iliyobanana. Hiyo ya kupunguza ndiyo mboga yao ya kwanza, ikiwa laini kabisa. Iliyobaki unaendelea kukata wewe.

Agosti wakirudi watakuta sukuma waliyohamisha wao wenyewe ikiwa imejaa majani. Wavune kuanzia siku ya kwanza, na wamwage dodo tena. Mvua zikishika mwanzoni mwa Septemba, wapande maharage. Hayo hukauka Desemba mwanzoni, kwa hiyo kazi ya kwanza ya likizo ndefu ni kung'oa, kupiga na kupepeta. Kwa mtoto wa miaka 7 hiyo ni furaha kuliko kupanda.

Mbolea: ndoo moja ya lita 20 ya samadi ya mbuzi iliyooza kwa kila mita 2 za mraba, ichanganywe na udongo hadi kina cha sentimita 15. Iliyooza maana yake ukitia mkono haina joto, haina harufu ya mkojo, na vile vidonge vinavunjika kwa vidole. Kama bado ni mbichi, irundike, iloweshe, ifunike kwa majani ya mgomba na uiache miezi 3. Samadi mbichi huunguza mizizi, huleta mbegu za magugu, na ina vijidudu vya kuharisha ambavyo hutaki kwenye nyanya itakayoliwa bila kuoshwa. Ya kuku ni kali zaidi, hiyo nusu ya kipimo inatosha.

Tuta liwe na upana wa sentimita 80, si 120 kama vitabu vinavyosema. Mkono wa mtoto wa miaka 7 haufiki katikati ya tuta la mita 1.2, ataingia ndani na kukanyaga. Urefu mita 3. Njia kati ya tuta na tuta sentimita 50. Udongo wako mzito hutuamisha maji, kwa hiyo inua tuta sentimita 20.

Anza na matuta manne tu. Sehemu iliyobaki iache na matandazo hadi mwakani.

---

Hajati_Bombo alijibu:

Mama, bwana shamba amesema vema kuhusu tarehe. Mimi naongeza kuhusu watoto wenyewe, na kuhusu lumbugu.

Usiwape kila mmoja tuta lake. Wa miaka 12 atamaliza palizi kwa nusu saa, wa miaka 4 lake litakauka siku ya tatu, na utabaki unamwagilia kwa siri ili asilie. Lakini kulima vyote kwa pamoja nako kuna shida: hakuna anayejua kipi ni chake. Kinachofanya kazi ni mistari. Kila tuta lina mistari minne ya kukata upana, kila mtoto ana mstari mmoja kwenye kila tuta, na kijiti chenye alama yake. Wasiojua kusoma waweke rangi au kizibo cha soda. Maji na palizi ni vya wote, mavuno ya mstari ni ya mwenyewe. Mstari mmoja ukifa, mboga ya nyumba bado ipo.

Kazi kwa umri. Wa miaka 4 mpe mbegu kubwa tu: maharage, maboga, mahindi. Atoboe kwa kidole chake hadi kiungo cha pili, hapo ni kama sentimita 3, kina cha maharage kabisa. Kidole chako wewe kitazidi. Usiloweke maharage usiku kucha kabla ya kupanda; kwenye udongo mzito wenye maji yanapasuka na kuoza. Kila shimo mbegu moja, atakuwa ametia tano ukigeuka, basi mhesabie mkononi.

Wa 7 na wa 9 wanaweza mbegu ndogo, ila si kwa mkono mtupu. Mbegu za dodo ni kama mchanga. Mtoto akizishika, nusu ya pakiti inaanguka sehemu moja na unapata zulia la miche inayooza. Chukua nusu ya kizibo cha soda cha mbegu, changanya na kikombe kimoja cha mchanga mkavu, gawa mara mbili. Nusu anamwaga akienda, nusu akirudi. Hiyo inatosha tuta la mita 3. Mchanga mweupe unaonekana juu ya udongo mwekundu, kwa hiyo anaona alikoruka. Kisha anapitisha tawi la majani juu, basi. Usifukie zaidi ya nusu sentimita. Mvua kubwa ikipiga kabla hazijaota, udongo mwekundu hufunga ukoko na miche inashindwa kutoboa, kwa hiyo tandaza nyasi kavu nyembamba na uziondoe asubuhi ile ile unapoona vichwa vya kwanza. Ukichelewa siku mbili miche inakuwa mirefu na myeupe kama viberiti.

Vipimo vya nafasi usiwaambie "shubiri". Shubiri ya mtoto wa 7 na ya wa 12 zinatofautiana vidole vitatu, sukuma zitapandwa kama meno ya mzee. Kata kijiti cha sentimita 60, tia alama kwa kisu kwenye 10, 30 na 45. Alama ya 45 ni sukuma hadi sukuma, kijiti kizima ni mstari hadi mstari.

Jembe la kawaida ni zito kwa wa miaka 7. Tumia kafuni, lile jembe lililolika, na mpini uishie kitovuni kwake. Panga libaki ndani.

Lumbugu: usiikate kwa jembe. Kila kipande chenye kifundo kinaota upya, kwa hiyo jembe linakuzalishia kumi kutoka moja. Lowesha mahali, ingiza uma wa kulimia hadi kina cha sentimita 30, inua bonge, tikisa, na watoto wavute mizizi kwa mkono. Mwambie kila mmoja atoe mzizi mrefu usiokatika, upimwe. Hawatachoka. Mizizi yote ianikwe juu ya mawe au bati wiki 2 hadi ikauke ivunjike. Isitupwe kwenye mboji kamwe. Mwezi mmoja baadaye pita tena, lazima mingine itachomoza.

---

Jaja_Bugembe:

Asante hajati, asante bwana shamba. Mistari nimeipenda. Nyanya hamjazitaja! Pia nakati, ile mboga yetu ya majani, nataka; bila nakati bustani hii haina maana kwangu. Na kumwagilia Januari: jerikeni ya lita 20 hawaibebi.

---

Mkulima_Mukono alijibu:

Jaja, nyanya zinawezekana lakini zihesabu kwa kurudi nyuma. Unataka ziive Januari watoto wakiwepo. Toka kuhamisha miche hadi nyanya ya kwanza kuiva ni siku 65 hadi 75, na kabla ya hapo kitaluni wiki 4. Kwa hiyo panda kitaluni karibu na tarehe 1 Oktoba, hamisha mwishoni mwa Oktoba, na zinaanza kuwa nyekundu kuelekea tarehe 10 Januari. Ukisubiri watoto wahamishe Desemba, zitaiva wakiwa darasani. Sehemu yao iwe kufunga, kupogoa na kula. Faida nyingine ni kwamba matunda yanakua mvua ikipungua, na bakajani chelewa, lile baa linalofanya majani yaonekane kama yamemwagiwa maji moto, hupenda baridi na unyevu. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya hatari, kwa hiyo kagua majani ya chini kila asubuhi, kata yenye madoa uyafukie mbali.

Miche 5 ndiyo inayoingia kwenye tuta la mita 3, na inatosha watoto wanne. Sentimita 60 mche hadi mche, safu moja tu katikati ya tuta. Kila mmoja mti wa mita 1.5 uliochomekwa siku ya kuhamisha, si baadaye, maana ukichomeka baadaye unakata mizizi. Kamba za mgomba ndizo bora kuliko nyuzi za plastiki, hazikati shina. Mtoto wa 9 anaweza kufunga fundo la umbo la namba nane: kitanzi kimoja kwenye mti, kingine kilegee kwenye shina, kidole kipite. Chipukizi zinazotoka kwenye kwapa la jani zivunjwe zikiwa fupi kuliko kidole. Tatizo la kila mwaka ni mtoto kuvunja kichwa chenyewe akidhani ni chipukizi. Mwonyeshe: chipukizi iko katikati ya jani na shina, kichwa hakina jani juu yake. Majani yote yaliyo chini ya sentimita 25 kutoka ardhini ondoa, ili matone ya mvua yasirushie udongo juu.

Nyanya ikioza kitako, doa jeusi kavu upande wa chini, si mdudu. Ni maji yanayotolewa leo mengi, kesho hakuna. Zoesha ratiba.

Mnyauko ndio wa kuogopa. Mche unanyauka mchana ukiwa bado kijani, usiku unajidai umepona, siku ya tatu umekwisha. Kata shina karibu na ardhi, litumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kulitikisa. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda, ni bakteria. Watoto wataishangaa glasi hiyo kutwa nzima. Ng'oa mche na udongo wake, usitie kwenye mboji, osha jembe. Hapo mahali usipande tena nyanya, biringanya, pilipili, entula (nyanya chungu) wala viazi mviringo kwa miaka 3.

Na jaja, hapo ndipo nakati inapoingia: ni ndugu wa hao hao. Usiifuatishe baada ya nyanya wala nyanya baada yake. Zungusha hivi: nyanya, kisha maharage, kisha dodo au sukuma. Nakati ipe tuta lake la mbali.

Nakati yenyewe haifai kwa haraka ya Mei. Inachukua wiki moja na zaidi kuota na kati ya wiki 6 na 8 kufikia kukatwa. Imwagwe mwishoni mwa Agosti na watoto, uitunze wewe, na Oktoba uanze kuikata sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Ukiing'oa kama wanavyofanya wa sokoni, imekwisha. Ukiikata, inachipua na baada ya wiki 2 unakata tena, na Desemba wanaikuta. Kwa kuwa inachelewa kuota, watoto watalima juu yake wakidhani ni pahali patupu. Nyoosha uzi juu ya kila mstari hadi ionekane.

Maji: tuta lako ni mita za mraba 2.4. Wakati wa jua la Januari linataka lita 12 kwa siku, au lita 24 kila baada ya siku moja. Chukua jerikeni ya lita 3, toboa kifuniko matundu 10 hivi kwa msumari uliopashwa moto (kazi ya mtu mzima), toboa tundu moja juu ya mkono wa kushikia ili hewa iingie. Lita 3 mara nne ndiyo tuta moja, kila mtoto safari moja. Wamwagilie udongo, wasimwagilie majani, kabla ya saa 3 asubuhi.

Zaidi ya ukame, ogopa furaha ya watoto. Wanamwagilia mara nne kwa siku, na miche ya kitaluni inapata kinyausi: shina linakuwa jembamba kama uzi usawa wa udongo, mche unalala. Sheria iwe kidole. Chomeka hadi kiungo cha pili, kikitoka na udongo umenata, leo hakuna maji.

---

Hajati_Bombo:

Kuhusu sukuma nilisahau jambo. Mtoto akiambiwa "vuna" anachuma kile kijani laini cha juu, ndicho kizuri machoni. Huo ndio moyo wa mmea, na mmea unasimama. Majani ya chini ndiyo huvunwa, na juu yabaki manne au matano. Jani halivutwi: dole gumba likae pale kikonyo kinapoungana na shina, lisukume kwa nguvu moja kwenda chini, linakatika "ta!" Likivutwa kwa nje linachubua ganda la shina, na kidonda hicho kinaoza mvua ikinyesha.

---

Afya_na_Shamba alijibu:

Jaja, mimi niko upande wa hatari, samahani kama nitaharibu raha.

Mbegu zilizopakwa dawa. Mahindi, na mara nyingine maharage na mboga za pakiti, huja na rangi ya waridi, nyekundu au kijani. Rangi hiyo ni onyo la dawa. Mtoto wa miaka 4 ataziona kama peremende. Kwa bustani ya watoto nunua zisizopakwa, au tumia maharage safi ya jikoni ya msimu uliopita. Pakiti ikifunguliwa sokoni na kupimwa kwa kijiko, iache. Huna uhakika wa kilichomo wala tarehe.

Maharage mabichi yaliyokomaa wasitafune. Hayo makavu, hasa mekundu, yakiliwa bila kuchemka sawasawa yanatapisha. Maganda machanga ya kupika sawa.

Miguu: udongo wenye kinyesi cha binadamu huweza kuwa na mabuu ya safura, na huingia kupitia ngozi ya unyayo. Gambuti au viatu vya kufunika, kila siku, hata wakilalamika. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kucha zikatwe.

Tangi na ndoo zifunikwe kwa kifuniko kizito. Ndoo ya lita 20 yenye maji nusu inatosha kumzamisha mtoto mdogo.

Na hiyo chupa ya soda yenye dawa ya shamba ambayo jirani huleta "kidogo tu": isiingie uani. Sumu haihifadhiwi kwenye chupa ya kinywaji.

---

Mkulima_Mukono:

Kweli tupu. Basi wadudu bila dawa, haraka haraka.

Vidukari chini ya majani ya sukuma: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji, nyunyiza chini ya jani jioni, rudia baada ya siku 4. Juu ya jani hakusaidii kitu, hawako huko. Jani lioshwe kabla ya kupikwa. Wachache ponda kwa vidole.

Viwavi: saa 1 asubuhi, kopo lenye maji ya sabuni, watoto wanaokota. Kwa bustani ya ukubwa huu hakuna dawa inayoshinda macho manne ya watoto wawili.

Mche umekatwa usiku usawa wa ardhi, umelala pembeni: huyo ni sota, kiwavi anayekata miche. Chimbua kwa kidole kuzunguka shina, sentimita 2 hadi 5 chini utamkuta amejikunja, kijivu, mnene. Kwa miche iliyobaki kata gamba la mgomba upana wa sentimita 10, lizungushe shina, sentimita 3 ziingie ardhini.

Maharage yaliyogeuka njano yakiwa na wiki 2 au 3 na shina limevimba chini ni nzi wa maharage. Pandishia udongo hadi karibu na majani ya kwanza, yanatoa mizizi mipya juu ya kidonda.

Pilipili iliyosagwa wengi wataisifia. Inafanya kazi, lakini mtoto akijipangusa jicho utajuta. Majivu yanatosha, machache, asubuhi majani yakiwa na umande. Yakizidi yanaharibu udongo.

Kuku ndio wadudu wakubwa kuliko wote hao. Ua wa matete wa mita 1.2, na chini upigiliwe pasiwe na nafasi ya kifaranga. Hakuna njia ya mkato.

---

Kiwanja_Kidogo_Kla alijibu:

Kama lumbugu inachelewesha, weka gunia moja karibu na jiko wakati mnaisafisha. Gunia la kilo 100, likunjwe hadi kimo cha sentimita 70 ili wa miaka 4 afike juu. Udongo ndoo 3, samadi iliyooza ndoo 1. Katikati simamisha mkebe wa maziwa uliotobolewa pande zote mbili, ujaze kokoto, zungushia udongo, vuta mkebe juu, jaza tena, hadi mwisho. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo mfereji wa maji. Bila hiyo juu panakuwa tope na chini vumbi. Mwagilia, acha siku 4 udongo ushuke, ongeza, ndipo utoboe. Matundu ya pembeni ni msalaba wa sentimita 5, yaachane sentimita 20, yasilingane juu na chini. Miche 25 hadi 30 ya sukuma. Pandisha mche mzizi ukielekea ndani na chini kidogo. Watoto huusukuma hadi mzizi unapinda kama ndoano, na huo haushiki. Maji lita 8 kwa siku, nusu asubuhi nusu jioni, kiangazi.

Gunia la plastiki huchakaa kwa jua na kuanza kumwaga nyuzi. Likifika hapo libadilishe, usingoje nyuzi zienee bustanini.

---

Jaja_Bugembe:

Nimeandika yote kwenye daftari. Gunia naanza Jumamosi. Swali la mwisho: mkubwa wa miaka 12 anataka kuhifadhi mbegu zake ili Mei asinunue. Dodo na nakati zinahifadhiwaje? Na pale chini ya mwembe nipande nini?

---

Bwanashamba_Iganga:

Chini ya mwembe usipande kitu cha kula, kivuli na mizizi vitakushinda. Weka hapo rundo la mboji na maganda ya matoke, na kitalu pembezoni ambako jua la asubuhi linafika.

Dodo: kila mtoto aache mche mmoja ulio bora kwenye mstari wake, si ule uliobaki kwa kudumaa. Ukitoa masuke na mbegu nyeusi zikianza kudondoka ukigusa, kata suke, weka ndani ya mfuko wa karatasi siku 5 kivulini, lisugue, pepeta. Hizo ni elfu nyingi kwa mche mmoja.

Nakati: subiri matunda yawe mekundu kabisa na kuanza kulainika. Yaponde kwenye maji, acha usiku mmoja, asubuhi koroga. Mbegu nzuri huzama, mapepe na nyama huelea, mwaga ya juu, rudia mara 3. Anika juu ya kitambaa kivulini siku 4, zisianikwe juu ya bati kwenye jua. Mbegu ikivunjika badala ya kupinda ukiibana kwa kucha, imekauka. Tia kwenye kichupa chenye majivu makavu kidogo chini yake, funga. Usitumie kavera (mfuko wa plastiki), linatoa jasho na mbegu zinaota ukungu.

Mwambie aandike tarehe na jina lake. Kabla ya Mei, karibu na Pasaka, wewe hesabu mbegu 10 za dodo, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, zichungulie baada ya siku 5. Zikiota 7 na kuendelea, mpigie simu umwambie asinunue.